Aliyesimama Dirishani: Historia ya Kumshitaki Mla Rushwa Mdogo Tanzania

Kesi ya rushwa dhidi ya karani, tarishi, askari au mtendaji wa kijiji nchini Tanzania hufunguliwa kwa maneno yaleyale: Jamhuri dhidi ya fulani. Mkulima aliyeombwa fedha ili apewe nakala ya hukumu yake, au mama aliyeambiwa atoe chochote kwanza ndipo mgonjwa wake apelekwe wodini, jina lake haliko juu ya jalada. Yeye ni shahidi wa upande wa mashitaka, basi. Mwanasheria atasema kesi zote za jinai ziko hivyo, na atakuwa amesema kweli, kwa maana hata mwizi wa ng'ombe hushitakiwa na Jamhuri. Lakini ng'ombe akipatikana, mwenyewe humswaga akarudi naye nyumbani. Katika kesi ya rushwa mlalamikaji hurudi na nini? Nikiifuata historia ya mashitaka haya tangu enzi za misafara mpaka sheria ya mwaka 2007, naona jambo moja likijirudia: dola imekilinda kiti cha ofisi kuliko ilivyomlinda mtu anayesimama mbele ya kiti hicho. Ndiyo sababu kumwadhibu mtumishi mdogo, jambo ambalo lilikuwa haki na bado ni haki, hakujabadilisha sana maisha ya yule aliyelalamika.

Tuanze na neno lenyewe. Leo hongo ni jina la kosa, na kuhonga ni kutenda uovu. Katika karne ya 19, kwenye njia ya misafara kutoka Bagamoyo kwenda Tabora na Ujiji, hongo ilikuwa ushuru wa njia, ukilipwa hadharani, mchana kweupe, kwa vitambaa, shanga na waya. Watemi wa Ugogo ndio waliojulikana zaidi kwa kuutoza. Msafara uliotoka kuvuka Marenga Mkali, nyika isiyo na maji, ulifika Ugogo watu na punda wakiwa hoi kwa kiu, na visima vilikuwa vya wenyeji. Mazungumzo yangeweza kuchukua siku kadhaa. Doti za merikani na kaniki zilipimwa mkono kwa mkono, wajumbe wa mtemi walizikagua na kuzikataa zile mbovu, kisha bei ikakubaliwa na msafara ukaruhusiwa kunywa na kupita. Wazungu waliopita huko, Burton mwaka 1857 na Stanley mwaka 1871, waliandika kwa uchungu kuhusu malipo hayo, wakayaona unyang'anyi. Mara nyingine yalikuwa unyang'anyi kweli. Hata hivyo, aliyelipa hongo alijua anachonunua, na akishalipa alikipata: maji, njia na usalama. Maana hiyo ya kwanza ya neno ina kitu ambacho sheria zetu za baadaye zilikipoteza, nayo ni kumtazama mlipaji kama mtu anayestahili kupata jambo fulani mwisho wa shauri.

Utawala wa Wajerumani ulileta mtumishi mdogo wa aina mpya. Akida aliwekwa juu ya majumbe, jumbe akawekwa juu ya kijiji, na kodi ya nyumba iliyotangazwa mwaka 1897 ikawapa kazi ya kukusanya fedha. Malipo ya jumbe yalitoka katika sehemu ya kodi aliyokusanya, yaani serikali yenyewe ilimweka mtumishi wake aishi kwa kilichotoka mfukoni mwa anayetawaliwa. Katika mpango wa namna hiyo ni vigumu kusema ushuru unaishia wapi na rushwa inaanzia wapi. Aliyezidisha kidogo kwa faida yake alimwonea mlipa kodi, lakini bomani kosa lililohesabiwa lilikuwa la hesabu ya kodi kupungua. Vita vya Maji Maji vilipoanza mwaka 1905 huko Umatumbi, maakida walikuwa miongoni mwa waliowindwa mwanzo. Sidai kwamba rushwa ndiyo iliyoleta vita hivyo. Pamba ya kulazimishwa, kodi na kazi za shuruti zinatosha kuvieleza. Ninachosema ni kwamba malalamiko dhidi ya mtumishi wa ngazi ya chini yalikuwepo, na hapakuwa na baraza la kuyapokea isipokuwa lile la wakubwa wake mwenyewe.

Waingereza walikuja na sheria iliyoandikwa vizuri zaidi. Kwanza walitumia nchini Tanganyika Sheria ya Jinai ya India, ambayo ilikuwa na kifungu kinachomhusu mtumishi wa umma anayepokea kitu nje ya ujira wake halali, kisha mwaka 1930 ikaja Kanuni ya Adhabu ya Tanganyika yenyewe. Lakini maneno hayo, ujira wake halali, yalihitaji kwanza kuwepo kwa ujira. Gavana Donald Cameron, katika mpango wake wa kutawala kupitia machifu ulioimarishwa na sheria ya mwaka 1926, aliwapa machifu mishahara kutoka hazina za wenyeji na kuyaondoa matoleo ya zamani ambayo raia waliyapeleka kwa mtawala wao. Hapo ndipo zawadi ilipogeuka kosa. Kuku, pombe au siku ya kulima shamba la chifu, vitu ambavyo baba wa mlalamikaji alivipeleka kwa heshima, mtoto alivipeleka kwa siri. Wakati huohuo mahakama za wenyeji ziliondolewa chini ya Mahakama Kuu mwaka 1929 na kuwekwa chini ya maofisa wa utawala. Mtu aliyeona jumbe kala rushwa katika shauri lake alikwenda kwa Bwana Shauri, yaani ofisa huyo wa utawala, na Bwana Shauri alipima kwanza kama jumbe yule bado anafaa kukusanya kodi. Adhabu ya kawaida ilikuwa kuvuliwa cheo. Shauri lililopinduliwa kwa rushwa halikupinduliwa tena kwa sababu tu jumbe ameondoka.

Miaka ya mwisho ya ukoloni ndiyo iliyozaa sheria maalumu. Kenya ilipata yake mwaka 1956, Tanganyika mwaka 1958, zote zikifuata sheria za Uingereza za mwanzoni mwa karne. Mei 1960, Julius Nyerere akiwa katika Baraza la Kutunga Sheria, aliifananisha rushwa na uhaini: wakati wa amani, alisema, ni adui mkubwa kwa ustawi wa watu kuliko vita, na anayeitenda atendewe karibu kama msaliti. Fananisho hilo lina uzito mkubwa, nami nalichukua kwa dhati kama alivyolitoa. Lakini tulitazame vizuri. Msaliti humsaliti nani? Humsaliti mfalme, dola, taifa. Kwa kuipa rushwa sura ya uhaini, taifa changa lilitangaza kwamba aliyekosewa ni taifa. Jambo hilo lilileta ukali ambao wakoloni hawakuwa nao, na lilimweka karani wa wilaya mbele ya hakimu badala ya kumhamisha kimyakimya. Pia lilimsogeza mlalamikaji pembeni, kama Bwana Shauri alivyokuwa amemsogeza.

Ukali ulifika mwaka 1963. Sheria ya kiwango cha chini cha adhabu ilimlazimisha hakimu kumpa aliyetiwa hatiani kwa rushwa kifungo kisichopungua miaka 2 na viboko 24, 12 siku ya kuingia gerezani na 12 siku ya kutoka. Mwaka 1995, akihutubia Mei Mosi mjini Mbeya, Mwalimu Nyerere alikumbusha kwamba vile vya mwisho vilikuwa vya kwenda kumwonyesha mke. Waliokuwepo walicheka, lakini yeye alikuwa anaeleza nia ya sheria: aibu imfuate mtu hadi nyumbani kwake. Sheria hiyohiyo iliacha mlango mdogo. Mkosaji wa mara ya kwanza, ikiwa thamani haikuzidi shilingi 100 na palikuwa na mazingira maalumu, aliweza kupunguziwa. Kiwango hicho kinahitaji kupimwa kwa maisha ya wakati ule. Kima cha chini cha mshahara Dar es Salaam tangu mwaka 1963 kilikuwa shilingi 150 kwa mwezi, kwa hiyo mlango ulikuwa wazi mpaka theluthi mbili za mshahara wa mwezi wa kibarua wa mjini. Na waliopita katika mlango huo walikuwa wengi. Muhtasari wa hukumu za Mahakama Kuu ulioanza kutolewa mwaka 1967 na wanasheria wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam umejaa rufaa za watu wa ngazi hii, waliopokea fedha ndogondogo, na majaji wakibishana kuhusu maana ya mazingira maalumu: je, ni watoto wake wengi, utumishi wake wa muda mrefu, au udogo wa fedha? Maswali hayo yote yanamhusu mshitakiwa. Udogo wa fedha ulipimwa kwa upande wake yeye aliyeipokea. Kwa mkulima anayeuza kahawa mara moja kwa mwaka, shilingi 40 hazikuwa ndogo, na uzito wake kwake haukuwa sehemu ya kipimo.

Sheria ya mwaka 1971, iliyochukua nafasi ya ile ya 1958, na kikosi cha kuzuia rushwa kilichoundwa mwaka 1975, viliipa kazi hii chombo chake na zana yake kuu, ambayo ni mtego. Tuutazame kwa karibu, maana ndani yake ndimo fikra nzima ya sheria ilimo. Mtu anakuja kulalamika kwamba ameombwa fedha. Ofisa anamwandikia maelezo. Noti zinatolewa, namba zake zinanakiliwa moja moja kwenye karatasi, mashahidi wanatia saini, na mlalamikaji anapewa noti zile azipeleke. Anaelekezwa asiseme zaidi ya anayotakiwa kusema, na atoe ishara akishazikabidhi. Wengine wanakaa nje, chini ya mti au ndani ya gari. Ishara ikitolewa wanaingia, wanamwambia mtumishi atoe vilivyo mfukoni, kisha namba za noti zinasomwa na kulinganishwa na karatasi. Mahakamani noti zinakuwa kielelezo, karatasi ya namba inakuwa kielelezo kingine, na swali linalobaki ni jembamba: je, zilipokewa, na zilipokewa kwa nia gani? Sheria ikamsaidia mwendesha mashitaka kwa dhana kwamba mtumishi aliyepokea kitu kwa mtu mwenye shida ofisini kwake amepokea kwa nia mbaya, mpaka yeye mwenyewe athibitishe vinginevyo.

Mtego ni zana ya haki, na wanaouita uonevu wanakosea. Bila mtego, kesi ya rushwa ni neno la watu wawili waliokuwa peke yao chumbani, na mmoja wao ana mhuri wa serikali. Mahakama za Afrika Mashariki zenyewe zimekuwa makini nao kwa miaka mingi. Zimewatazama mashahidi wa mtego kama watu wenye maslahi katika matokeo ya kesi, zikataka ushahidi wao upimwe kwa hadhari. Tatizo langu liko kwingine. Katika mtego fedha ni ya serikali, inatoka serikalini na kurudi serikalini. Mlalamikaji hajapoteza senti kwa mujibu wa jalada, kwa hiyo hana cha kurudishiwa. Fedha aliyoitoa mwezi uliopita kabla hajapata ujasiri wa kwenda kushitaki haina namba iliyonakiliwa popote, na akiitaja anajitia hatarini, kwa kuwa sheria ya 1971 ilimfanya mtoaji mkosaji sawa na mpokeaji. Na ile nakala ya hukumu, kile kibali, kile kitanda cha wodi? Hakimu hakuulizwa habari zake, wala hana sababu ya kuziandika katika hukumu.

Haikuwa lazima mambo yawe hivyo tu, na ushahidi ni kwamba nchi hiihii ilijenga njia ya pili. Katiba ya muda ya mwaka 1965 ilianzisha Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, iliyoanza kazi mwaka 1966 chini ya Chifu Erasto Mang'enya, ya kwanza ya aina yake barani Afrika. Makamishna walisafiri mikoani, wakafanya mikutano, na mtu yeyote aliweza kulalamika kwa mdomo au kwa barua bila kulipa ada. Tume haikuwa na uwezo wa kumfunga mtu. Ilipeleka taarifa kwa Rais. Udhaifu huo ulisemwa sana, na kwa haki. Lakini ilianza na swali tofauti na la mahakama: mtu huyu alistahili nini, na kwa nini hakukipata? Kwa miaka ile nchi ilikuwa na mahali pa kumshughulikia mtumishi na mahali pa kumshughulikia aliyehudumiwa vibaya. Kosa la historia yetu, kwa maoni yangu, ni kwamba njia hizo mbili hazikuunganishwa hata siku moja. Njia ya kwanza ilikua ikawa kikosi, kisha Taasisi ya Kuzuia Rushwa mwaka 1991, kisha TAKUKURU mwaka 2007, ikiwa na ofisi wilayani. Njia ya pili iliingizwa mwaka 2001 katika Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora, yenye mambo mengi sana ya kuangalia.

Wapo watakaosema kwamba nimeacha sababu iliyo wazi kuliko zote, mshahara. Tume iliyoongozwa na Jaji Joseph Warioba, iliyoteuliwa na Rais Benjamin Mkapa mwaka 1996 na kutoa taarifa mwaka huohuo, ilitenganisha makundi mawili: watumishi wa chini wanaopokea kwa sababu kipato hakitoshi, na wakubwa wanaopokea kwa tamaa. Hoja hiyo ina uzito. Baada ya bei ya mafuta kupanda na Vita vya Kagera vya 1978 hadi 1979, mshahara wa karani ulishuka thamani mpaka haukumfikisha nusu ya mwezi, na katika miaka ileile ya uhaba kila kitu kilihitaji kibali: sukari, saruji, bati, mpira wa baiskeli. Mtu mwenye njaa akapewa kalamu ya kuamua nani apate mfuko wa saruji. Hata hivyo siukubali mpaka ule wa Warioba kuwa maelezo kamili. Mwalimu wa shule ya msingi na muuguzi wa zahanati walikuwa na mshahara mbaya vilevile, na wengi wao walilima, walifuga kuku, waliuza maandazi, hawakumgusa mtu. Zaidi ya hapo, aliyetozwa alikuwa maskini kuliko aliyemtoza. Kumsamehe karani kwa sababu ya njaa yake ni kumtwisha njaa hiyo mtu wa foleni ambaye naye hakula. Mshahara mdogo unamlaumu mwajiri, yaani serikali, kwa kuvunja mapatano yaliyoanza pale matoleo yalipofutwa na ujira ukawekwa. Haumfutii mtumishi deni lake kwa raia.

Wengine watasema kinyume: acheni dagaa, wavueni papa. Hasira hii ina msingi katika maandishi ya sheria zenyewe. Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilimwekea kiongozi masharti ya maadili, asiwe na mishahara miwili wala nyumba za kupangisha, na kiongozi alielezwa kuwa mtu wa ngazi ya kati na ya juu. Tarishi na karani hawakuhesabiwa. Wao waliachiwa Kanuni ya Adhabu na gereza. Miaka 40 baadaye, sheria ya rushwa, namba 11 ya mwaka 2007, ilisema katika kifungu cha 57 kwamba mashitaka chini yake yatahitaji kibali cha Mkurugenzi wa Mashitaka, isipokuwa ya kifungu cha 15. Kifungu cha 15 ndicho kile cha kuomba na kupokea, cha noti ya mtego, chenye faini ya shilingi 500,000 hadi milioni 1 au kifungo cha miaka 3 hadi 5, au vyote pamoja. Wenye kesi za mikataba na matumizi mabaya ya madaraka walisubiriwa kibali. Mpokeaji wa noti mfukoni hakusubiriwa. Kitengo maalumu cha Mahakama Kuu kwa ajili ya kesi kubwa, za shilingi bilioni 1 na zaidi, kilikuja mwaka 2016. Nakubali kwamba mizani hiyo haikuwa sawa, na wanaoipinga wana haki. Lakini wanaposema mdogo aachwe mpaka mkubwa akamatwe, wanamsahau tena mtu yuleyule. Mkulima hamjui mkubwa wa mkataba. Serikali anayoijua ni lile dirisha, na dirishani yupo karani.

Liko pingamizi gumu zaidi, nalo ni la kimaadili. Mtoaji naye ana hatia. Mafundisho ya Kiislamu, yaliyojulikana pwani yetu kwa karne nyingi kabla ya boma la kwanza, yanawalaani wote wawili, anayetoa na anayepokea, na sheria zetu zimefuata mkondo huo. Kwa nini basi dola imhangaikie mtu aliyekubali kununua? Jibu langu ni kwamba sheria imechanganya watu wawili chini ya jina moja. Yuko anayetoa ili apate kisicho chake: hukumu ya uongo, kiwanja cha mwenzake, cheti asichokistahili. Huyo ni mshirika, na ashitakiwe. Na yuko anayetoa ili apate kilicho chake tayari, ambacho kimefungiwa kabatini mpaka atoe. Wa pili anafanana na msafiri aliyefika Ugogo na kiu, tofauti ni kwamba kisima hiki kilichimbwa kwa kodi yake. Kumwita mkosaji sawa na aliyemfungia kabati kumewafunga watu midomo kwa miaka mingi. Sheria ya Kuwalinda Watoa Taarifa na Mashahidi ya mwaka 2015 ilikuwa hatua ya kweli, maana inamlinda anayesema. Bado haigusi jambo aliloliendea dirishani.

Marekebisho ninayoyaomba hayahitaji chombo kipya wala bajeti mpya. Kila jalada la rushwa ndogo lina maelezo ya mlalamikaji, na ndani yake imeandikwa huduma aliyoitaka: nakala, hati, kibali, dawa, dhamana ya ndugu. Mwendesha mashitaka aitaje huduma hiyo katika hati ya mashitaka, hakimu aiulizie kabla hajafunga shauri, na mkuu wa ofisi husika aagizwe kuitoa kwa tarehe inayojulikana, mshitakiwa apatikane na hatia au aachiwe huru, kwa kuwa haki ya raia kupata nakala yake haitegemei kama noti zilithibitishwa au la. Nawe msomaji, ukisikia kwamba mtumishi fulani wa wilayani kwenu kafungwa au kapigwa faini, usiishie kuuliza kafungwa miaka mingapi. Uliza aliyekwenda kumshitaki alikuwa anatafuta nini, na kama amekwisha kukipata.